Kinasa-video cha Zamani na Video za Tarakilishi: Suala la Lugha na la Ufunguo

Utangulizi

Mnamo mwaka wa 1999, kampuni mbili za Marekani, TiVo na ReplayTV, zilianza kuuza kifaa cha aina mpya. Kilikuwa kisanduku chenye umbo la deki ya kaseti, ila hakikuwa na mahali pa kutilia kaseti. Ndani yake mlikuwa na diski ngumu kama ile ya tarakilishi. Kisanduku hicho kilipokea matangazo ya runinga, kikayageuza kuwa tarakimu na kuyahifadhi. Mtazamaji aliweza kuisimamisha taarifa ya habari katikati ya sentensi, akaenda jikoni kuteleka chai, kisha akarudi na kuendelea pale alipokuwa ameachia. Kwa wakati huo, jambo hili lilikuwa la ajabu.

Miaka ilipopita, visanduku hivyo viligeuka mizigo ya stoo. Matangazo yalibadilika, kampuni zikauzwa na kuuzwa tena, na video ambazo watu walitaka kuzitazama zikawa zimehamia kwenye tarakilishi. Hapo ndipo lilipozuka swali linaloshughulikiwa na makala haya: je, kinasa-video cha zamani kinaweza kugeuzwa chombo cha kutazamia, kwenye runinga, video zilizomo ndani ya tarakilishi?

Yamkini msomaji atadhani kwamba swali hili ni la fundi na halimhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Hata hivyo, linamgusa kwa njia mbili. Kwanza, kazi yenyewe ya kukifanya kisanduku kile kionyeshe video ngeni ni kazi ya tafsiri, na matatizo yake yanafanana kwa kiasi cha kushangaza na yale anayokumbana nayo mfasiri wa maandishi. Pili, sehemu kubwa ya fasihi simulizi iliyokusanywa nyanjani katika miongo iliyopita imo katika kanda na diski ambazo vifaa vyake vinaendelea kuzeeka. Anayeelewa ni kwa nini kisanduku cha mwaka wa 1999 hukataa faili ya leo ataelewa pia ni kitu gani kinachoweza kuwanyima wajukuu sauti ya mtambaji aliyenaswa jana. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uzee wa kifaa, peke yake, si kizuizi kikubwa. Vizuizi ni viwili: lugha ambayo kifaa kiliumbwa kuielewa, na ufunguo ambao mtengenezaji alibaki nao baada ya kukiuza.

Kidokezo cha istilahi

Neno kinasa-video limeundwa kwa kufuata kinasa-sauti, ambalo limezoeleka zaidi. Wapo wanaopendelea kusema mashine ya kurekodi, na hawakosei. Hata hivyo, kitenzi kunasa kina faida ambayo waundaji wa istilahi huenda hawakuikusudia. Mtego hunasa, na kilichonaswa mtegoni hakitoki kwa hiari yake. Kama itakavyodhihirika, maana hiyo inakifaa kifaa hiki kuliko ile ya kuhifadhi tu. Makala haya yanatumia kusimba kwa maana ya kuiandika picha kwa msimbo wa tarakimu, na kusimbua kwa maana ya kuusoma msimbo huo na kuurudisha kuwa picha. Neno tarakilishi limetumiwa kwa kuwa ndilo lililozoeleka katika kurasa za Kenya. Msomaji wa Tanzania atalisoma kama kompyuta.

Yaliyomo ndani ya kisanduku

Mtambo wa kwanza wa TiVo uliuzwa kwa aina mbili: wenye uwezo wa kuhifadhi saa 14 za matangazo kwa dola 499, na wenye uwezo wa saa 30 kwa dola 999. Prosesa yake ilikwenda kwa kasi ya megahezi 54, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa megabaiti 16. Tarakilishi za mezani za mwaka huohuo zilikuwa na kasi mara saba au nane ya hiyo, na bado nyingi zilihema zilipotakiwa kuonyesha video inayojaza skrini nzima. Je, kisanduku dhaifu namna hiyo kiliwezaje kunasa kipindi kimoja na kuonyesha kingine kwa wakati mmoja bila kukwamakwama?

Jibu ni kwamba prosesa haikuishughulikia picha. Mlikuwa na chipu mbili za kazi maalumu: moja ya kusimba na nyingine ya kusimbua. Mawimbi yalipoingia kutoka kwenye antena au kebo, chipu ya kwanza iliyageuza kuwa msimbo uitwao MPEG-2, yaani msimbo uleule unaotumika katika DVD. Msimbo huo ukaandikwa kwenye diski. Ulipotakiwa, chipu ya pili iliusoma na kuutoa kama picha ya runinga. Kazi ya prosesa ilikuwa kuelekeza msafara tu: hiki kipelekwe huku, kile kitolewe kule. Kisanduku kilikuwa kikinasa wakati wote, hata pasipo kuagizwa, na kikibakiza nusu saa ya mwisho ya matangazo. Ndiyo maana iliwezekana kusimamisha kipindi kilichokuwa kikitangazwa wakati huohuo.

Inafaa kueleza jinsi msimbo wa MPEG-2 unavyofanya kazi kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha suala. Picha ya runinga ya Marekani ina fremu karibu 30 kwa kila sekunde. Kuziandika zote kikamilifu kungeijaza diski ile kwa muda mfupi mno. Kwa hivyo, msimbo huandika fremu moja kikamilifu, kisha kwa fremu zinazofuata huandika mabadiliko peke yake: kipande hiki kimesogea kulia, kile kimebaki kilivyokuwa. Mtambaji wa ngano naye hufanya vivyo hivyo. Haelezi msitu upya kila mhusika anapopiga hatua. Huueleza mara moja, kisha husema akaenda, akaenda, akaenda, na msikilizaji akabaki na msitu uleule akilini. Baada ya muda, fremu nyingine kamili huandikwa ili makosa yasirundikane na ili mtazamaji aweze kuanzia katikati.

Misimbo yote iliyofuata imejengwa juu ya wazo hilo, ila kila mmoja una sarufi yake. Msimbo wa H.264, ambao kiwango chake kilitolewa mwaka wa 2003, unaruhusu kipande cha fremu kilinganishwe na fremu nyingi zilizotangulia, na vipande vyenyewe vinaweza kuwa vya ukubwa tofautitofauti. MPEG-2 huitazama fremu moja au mbili tu, kwa vipande vya ukubwa usiobadilika sana. Kwa sababu hiyo, H.264 huweza kutoa picha ya ubora uleule kwa takriban nusu ya nafasi. Hasara yake ni kwamba chipu ya mwaka wa 1999 haiwezi kuuelewa abadani. Sarufi ya chipu hiyo imechongwa ndani ya silikoni, kwa hivyo haiongezwi kwa kupakia programu mpya. Prosesa ya megahezi 54 nayo haina nguvu za kuisaidia.

Tafsiri na ukalimani

Kutokana na hali hiyo, anayetaka kutazama video za tarakilishi kwa kutumia kinasa-video cha zamani hana budi kuwaachia wenye nguvu kazi ya kutafsiri. Mwenye nguvu hapa ni tarakilishi. Hiyo huifungua faili ya H.264, au ya DivX iliyoenea mapema katika miaka ya 2000, ikaisimbua hadi ikawa picha tupu, kisha ikaisimba upya kwa MPEG-2. Programu inayofanya kazi hiyo katika mipango mingi ni FFmpeg, ambayo ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka wa 2000 na hutolewa bila malipo.

Mwanafunzi wa nadharia za tafsiri atalitambua tatizo mara moja. Faili ya lugha chanzi si picha yenyewe bali ni muhtasari wa picha. Ilipoandikwa mara ya kwanza, mambo mengi madogomadogo yaliachwa kwa kuwa jicho la kawaida halingeyakosa: vivuli hafifu, nyuzi za nguo, majani ya mbali. Inapoandikwa tena kwa lugha lengwa, mengine zaidi huachwa, na tena kwa vigezo tofauti. Matokeo ni tafsiri ya tafsiri. Uso wa mtu hubaki ukitambulika, lakini ukuta ulio nyuma yake huanza kuwa na miraba, na moshi hugeuka ngazi. Anayetaka kupunguza hasara hiyo hana njia ila kuuruhusu msimbo mpya uchukue nafasi kubwa zaidi, jambo ambalo linaielemea diski ndogo ya kisanduku.

Vipimo vya picha navyo ni suala jingine. Kinasa-video kilichotengenezwa kwa soko la Marekani kinatarajia mistari 480 na fremu 29.97 kwa sekunde. Kenya, kama nchi nyingi zilizofuata mfumo wa PAL, ilitumia mistari 576 na fremu 25. Video ya ngoma iliyopigwa Kilifi kwa kamera ya PAL haiwezi kupelekwa kwenye kisanduku hicho ilivyo. Mistari yake itabanwa, na baadhi ya picha zitarudiwa ili hesabu ya fremu itimie. Mchezaji anayezunguka kwa kasi ataonekana akisitasita kidogo, na mtafiti asiyejua sababu anaweza kudhani kuwa hiyo ndiyo mikogo ya ngoma yenyewe.

Maandishi ya tafsiri yanayowekwa chini ya picha yana mashaka ya peke yake. Katika tarakilishi, maandishi hayo aghalabu huwa faili ya pembeni ambayo mtazamaji anaweza kuiwasha na kuizima. Kisanduku cha zamani hakina habari na faili hiyo. Ili yaonekane, lazima yachomwe ndani ya picha wakati wa kutafsiri, na yakishachomwa hayatoki tena. Mwenye filamu ya Kiarabu anayetaka nakala moja yenye maandishi ya Kiswahili na nyingine yenye ya Kiingereza atalazimika kuifanya kazi yote mara mbili.

Kuna njia mbili za kuifanya tafsiri hii. Ya kwanza ni kuigeuza faili yote mapema na kuiweka tayari. Ya pili ni kuigeuza papo hapo wakati kisanduku kinapoiomba. Tofauti iliyopo kati ya njia hizi ndiyo iliyopo kati ya mfasiri na mkalimani. Mfasiri ana muda wa kurudi nyuma, kupima na kusahihisha, na kwa hivyo faili iliyotayarishwa mapema huweza kupitiwa mara mbili ili nafasi igawanywe vizuri baina ya sehemu tulivu na zile zenye vurugu. Mkalimani hana anasa hiyo. Tarakilishi ikizidiwa katikati ya ukalimani, picha husimama na mtazamaji hukodoa macho. Kwa mwenye tarakilishi kuukuu, njia ya kwanza ndiyo ya busara, ingawa inataka uvumilivu wa usiku kucha.

Milango miwili

Baada ya lugha kupatikana, swali linalofuata ni la kupitia: faili itaingiaje ndani ya kisanduku? Hapa TiVo na ReplayTV ziliachana njia.

Mitambo ya ReplayTV ya kuanzia mwaka wa 2001 ilikuwa na tundu la kebo ya mtandao, na mmoja uliweza kuonyesha vipindi vilivyonaswa na mwenzake aliyeko chumba kingine cha nyumba ileile. Wapenzi wa ufundi walilichunguza hilo wakaunda programu iitwayo DVArchive. Badala ya kukivunja kisanduku, programu hii iliifanya tarakilishi iigize. Ilijitokeza kwenye mtandao wa nyumbani na kujitambulisha kama ReplayTV mwingine, ikajibu maswali yote jinsi ReplayTV angeyajibu, na kisanduku kikaamini. Mtazamaji aliona jina la tarakilishi katika orodha ya skrini, akabonyeza rimoti, na video ikaanza kumiminika. Kisanduku hakikufunguliwa wala hakikubadilishwa chochote. Kwa maoni ya makala haya, hiyo ndiyo suluhu yenye heshima zaidi kati ya zote, kwa kuwa iliitumia desturi ya kifaa chenyewe.

Mtambo wa kwanza wa TiVo haukuwa na tundu la namna hiyo. Waliotaka kuuingiza mtandaoni walilazimika kuufungua na kuchomeka kadi ya mtandao kwenye ukingo wa ubao wake mkuu. Ifahamike kwamba kazi hiyo ilikuwa na hatari ya kweli: sehemu ya umeme ya mtambo huo imekaa wazi bila kifuniko, na huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mtambo wa pili, wa mwaka wa 2002, ulikuja na matundu ya USB ambayo yaliweza kupokea kiunganishi cha mtandao, na mambo yakawa mepesi. Mwaka wa 2003 kampuni iliongeza huduma ya kusikiliza muziki na kutazama picha zilizomo kwenye tarakilishi, na ikachapisha kanuni za mazungumzo baina ya vifaa hivyo viwili. Kanuni hizo zilikuwa mahali pa kuanzia kwa waandishi wa programu huru. Mojawapo ya programu zilizotokea baadaye ni pyTivo, ambayo huorodhesha video za tarakilishi kwenye skrini ya runinga, huziwekea mkalimani FFmpeg, na kuzituma zinapoombwa. Faili huhamia kwenye diski ya kisanduku huku mtazamaji akiweza kuanza kuitazama kabla haijafika yote. Mtandao ukiwa mwepesi kuliko video, hakuna shida. Ukiwa mzito, ni heri kuacha faili itangulie kwa nusu saa.

Ufunguo

Kufikia hapa, yote yaliyoelezwa ni ya ufundi, na ufundi una majibu. Suala la ufunguo ni gumu zaidi.

TiVo ilijenga kisanduku chake juu ya Linux, mfumo endeshi ambao leseni yake humtaka kila anayeusambaza autoe pia msimbo wake asilia ili mwingine aweze kuusoma na kuubadilisha. TiVo ilitimiza sharti hilo: ilitoa msimbo. Hata hivyo, katika mitambo iliyofuata ule wa kwanza, chipu ndogo iliwekwa ili ikague saini ya kidijitali ya programu kila kisanduku kinapowashwa. Programu isiyo na saini ya kampuni haikuruhusiwa kufanya kazi. Mnunuzi aliweza kuusoma msimbo, kuurekebisha na hata kuuboresha, ila asingeweza kuutumia katika kifaa alichokinunua kwa fedha zake.

Richard Stallman na wakfu wake wa programu huru waliliona jambo hili kuwa hila ya kuitii leseni kwa herufi na kuikiuka kwa roho. Walilipa jina lililotokana na la kampuni yenyewe, na leseni yao ya tatu, iliyotolewa tarehe 29 Juni 2007, ikaweka kifungu cha kulizuia. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakukubaliana nao. Kwake, leseni ya programu haipaswi kumwamuru mtengenezaji jinsi ya kutengeneza kifaa. Hadi leo Linux imebaki chini ya leseni ya pili. Kampuni nayo ilikuwa na hoja zake: ilihitaji kulinda ada za usajili, na kuwahakikishia wamiliki wa filamu kwamba kisanduku hakingekuwa bomba la kuvujisha kazi zao. Kwa Kiswahili, dhana hii bado haina istilahi iliyokubalika. Kuitohoa kwa kufuata jina la TiVo kungezaa neno lisiloeleza lolote kwa asiyeijua kampuni hiyo. Huenda ufungaji-saini ukafaa, kwa kuwa unataja kinachofanyika: kifaa kinafungwa kwa saini ya mtu asiyekimiliki.

Hofu ya kampuni kuhusu wamiliki wa filamu haikuwa ya kubuni. Tangu Januari 1984, katika kesi iliyohusu deki za Betamax, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mtu kunasa kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si kosa. Pamoja na hayo, ReplayTV ilipotoa mtambo ulioweza kuruka matangazo ya biashara wenyewe na kumtumia mtu mwingine kipindi kupitia intaneti, kampuni za filamu na runinga ziliishtaki mwaka wa 2001. Mwaka wa 2002, ofisa wa mahakama aliiamuru SonicBlue, iliyokuwa ikiimiliki ReplayTV wakati huo, ikusanye taarifa kuhusu wanachotazama wateja wake. Jaji wa ngazi ya juu yake aliitengua amri hiyo. SonicBlue ilifilisika mwaka wa 2003 kabla kesi haijaamuliwa, na mtambo uliofuata chini ya mmiliki mpya ulitoka bila uwezo ule wa kuruka wala wa kutuma. Mwanzilishi wa ReplayTV, Anthony Wood, alikuwa tayari ameanzisha Roku, kampuni ambayo mwaka wa 2008 ilitoa kisanduku kisichonasa chochote: huonyesha tu kinacholetwa na intaneti.

Usajili wenyewe ni somo la semantiki. TiVo iliuza, miongoni mwa mipango yake, usajili wa maisha. Wengi walidhani kuwa ni maisha ya mnunuzi. Masharti yalieleza kuwa ni maisha ya mtambo. Mtambo ukifa, usajili umekufa nao, na mnunuzi anabaki hai akianza upya.

Kisanduku kinapokosa mawimbi

Kilichowafanya wengi wavikumbuke visanduku vya stoo ni kuzimwa kwa mawimbi ya analojia. Marekani ilivizima vituo vyake vikubwa tarehe 12 Juni 2009. Kinasa-video chenye kipokezi cha analojia pekee hakikupata tena chochote kupitia antena yake, isipokuwa kimesaidiwa na king'amuzi cha nje. Mtambo wa kwanza wa TiVo uliendelea kupokea ratiba ya vipindi hadi mwaka wa 2016, kisha huduma hiyo ikakoma. Mwezi Oktoba 2025 kampuni ilitangaza kuwa imeacha kabisa kuuza vinasa-video. Kwa mwenye kisanduku kinachofanya kazi, matumizi yaliyosalia ni yaleyale mawili: kuonyesha yaliyokwisha kunaswa, na kuonyesha yanayotoka kwenye tarakilishi.

Kenya ilipitia uhamaji huo mapema mwaka wa 2015, na wengi wanaukumbuka kwa siku ambazo vituo kadhaa vikubwa vilikuwa gizani kutokana na mvutano wa leseni. Ving'amuzi vilivyoingia majumbani vilileta bila kelele kitu ambacho wapenzi wa TiVo walikihangaikia usiku na mchana. Ving'amuzi vingi vya matangazo yasiyolipiwa vina tundu la USB. Mtu huchomeka kijiti cha kumbukumbu na kutazama filamu aliyoichukua kwenye tarakilishi, na vingine hunasa vipindi kwenye kijiti hichohicho. Hakuna aliyeviona kuwa miujiza.

Hata hivyo, vizuizi vile viwili viko palepale. Chipu ya king'amuzi kinachosoma H.264 aghalabu hugoma inapopewa faili ya H.265, kiwango kilichokuja mwaka wa 2013, na mwenye faili hulazimika kurudi kwenye tarakilishi kutafuta mfasiri. Pengine picha hutokea bila sauti kwa sababu msimbo wa sauti haujulikani. Ving'amuzi vya kulipia vyenye diski ya kunasia navyo hufunga wanachonasa kwa msimbo wa siri. Diski ikitolewa na kuunganishwa na tarakilishi, hakuna kinachosomeka. Mhadhiri aliyenasa mfululizo wa mijadala ya Kiswahili katika kifaa cha aina hiyo ili aufundishie, hana nakala. Ana ruhusa ya kutazama, tena mradi kifaa na usajili viko hai.

Kwa upande mwingine, kinasa-video cha zamani kinaweza kumfaa mtafiti kwa namna ambayo watengenezaji hawakuitangaza sana. Mitambo hiyo ina matundu ya kuingizia picha ya analojia. Deki ya VHS inayofanya kazi ikiunganishwa nayo, ngano zilizopigwa video katika miaka ya 1980 na 1990 zinaweza kusimbwa na chipu ile ile ya MPEG-2 na kuingia kwenye diski, almuradi usajili wa kisanduku haujakoma. Tangu Januari 2005 TiVo iliruhusu vilivyonaswa katika mtambo wa pili vihamishiwe kwenye tarakilishi, ingawa vilitoka vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya mwenyewe. MPEG-2 yenyewe haina tena mdai: hataza ya mwisho iliyoihusu nchini Marekani ilikwisha Februari 2018, na programu za kuusoma msimbo huo zipo katika karibu kila tarakilishi. Nakala iliyohifadhiwa kwa msimbo huo bila kufuli haina shaka kubwa.

Kinachokufa kwanza ni diski. Imezunguka mchana na usiku kwa miaka, na dalili yake ya kwanza ni mlio wa kugongagonga unaosikika chumba kikiwa kimya. Mfumo endeshi wa kisanduku umo ndani ya diski hiyohiyo, kwa hivyo diski mpya tupu haitoshi: lazima ya zamani inakiliwe yote kwenye mpya ingali inasomeka. Diski za aina ya IDE zinazotumika humo haziuzwi tena kwa wingi, na wanaoendelea na kazi hii hutumia diski za SATA pamoja na kiunganishi kidogo cha kuzioanisha. Baada ya diski hufuata vikapasita vya sehemu ya umeme, ambavyo huvimba vichwa na kuvuja. Fundi wa redio yeyote mwenye kifaa cha kulehemu risasi anaweza kuvibadilisha.